Kwa Nini Baadhi ya Misumeno ya Kale ya Mnyororo Imekuwa Adimu

Msumeno wa mnyororo, ambao wakata miti wengi wa Tanzania wamezoea kuuita chenso, ni mashine iliyotengenezwa kwa mamilioni katika karne ya 20. Kitu kilichotengenezwa kwa wingi wa namna hiyo hakitazamiwi kuwa adimu. Hata hivyo, wapo watu katika Ulaya na Amerika ya Kaskazini ambao kazi yao ya mapumziko ni kukusanya misumeno ya zamani, na watu hao wanafahamu vyema kwamba ziko aina ambazo mtu anaweza kuzitafuta kwa miaka asizipate, na nyingine ambazo hupatikana katika kila ghala la shamba. Jambo la kushangaza ni kwamba baadhi ya zile zisizopatikana ziliuzwa sana zilipokuwa mpya.

Sababu za tofauti hiyo si za bahati nasibu. Zimo katika hisabati, katika kemia ya metali, katika fizikia ya mitetemo, na katika mazoea ya binadamu mwenyewe. Mwalimu na mwanafunzi wa shule ya sekondari watakuta humu kanuni nyingi wanazozifahamu darasani, zikifanya kazi katika kitu kimoja cha chuma.

Hesabu ya kutoweka

Uadimu wa kitu chochote hutegemea mambo mawili: idadi iliyotengenezwa, na kasi ya kupotea kwake. Watu wengi hulitazama jambo la kwanza tu na kulisahau la pili, ilhali la pili ndilo lenye nguvu zaidi.

Tuchukue mfano wa kubuni. Aina A ya msumeno ilitengenezwa misumeno 10,000, na kila mwaka misumeno 10 katika kila 100 iliyosalia huharibika au hutupwa. Aina B ilitengenezwa misumeno 2,000 tu, lakini hupotea 3 katika kila 100 kwa mwaka. Baada ya miaka 40, idadi iliyosalia ya aina A ni 10,000 mara 0.9 kwa kipeo cha 40, yaani misumeno 148 hivi. Iliyosalia ya aina B ni 2,000 mara 0.97 kwa kipeo cha 40, yaani misumeno 591 hivi. Kwa hiyo, aina iliyotengenezwa kwa wingi mara tano imekuwa adimu mara nne kuliko mwenzake.

Hapa pana fundisho la kwanza. Mashine iliyopendwa na wakata miti ilifanya kazi kila siku, ikachakaa, ikafa. Mashine iliyonunuliwa na mkulima ili akate kuni mara mbili kwa mwaka ilibaki darini, ikapona. Basi haifai kusema kwamba kilichosalia kwa wingi ndicho kilichokuwa bora, wala kwamba kilichotoweka kilikuwa kibovu. Swali la kuuliza ni hili: ni nini kilichoiongeza kasi ya kupotea?

Mashine ya watu wawili

Misumeno ya kwanza ya mnyororo yenye injini ya petroli ilitokea Ujerumani. Mwaka 1927 Emil Lerp aliujaribu msumeno wake katika mlima Dolmar, jimbo la Thuringia, na jina la mlima huo likawa jina la kampuni yake. Mashine hiyo ilikuwa na uzito wa kilo 58. Mwaka 1929 Andreas Stihl, aliyekuwa na karakana mjini Stuttgart, alitoa msumeno wake wa petroli wenye kilo 46 na nguvu za farasi 6. Kila mmoja ulihitaji watu wawili, mmoja upande wa injini na mwingine kwenye ncha ya upanga unaoongoza mnyororo.

Uzito haukuwa taabu ya pekee. Kabureta ya siku zile ilikuwa na bakuli la petroli lenye boya ndani yake, mfano wa boya linalofunga maji katika tangi la choo. Boya hufanya kazi likiwa wima tu. Msumeno ulipolazwa ubavu ili ukate shina la mti, petroli ilimwagika au ilikoma kufika kwenye silinda. Watengenezaji walilikwepa tatizo kwa kuweka kiungo kati ya injini na upanga, ili upanga ulazwe na injini ibaki wima. Kiungo hicho kiliongeza uzito, gia, na mahali pa kuharibika.

Dawa ilipatikana baada ya Vita ya Pili ya Dunia, wakati kabureta ya kiwambo ilipoenea. Badala ya boya, utando mwembamba huvutwa na kuachiliwa na mabadiliko ya shinikizo ndani ya injini, ukasukuma petroli na kuipima. Utando haujali juu wala chini. Sasa injini iliweza kugeuzwa kokote, na kile kiungo kizito kikawa hakina kazi.

Mabadiliko yalikuwa ya haraka mno. Mwaka 1949 kampuni ya McCulloch ya Marekani iliuza msumeno wa mtu mmoja wenye paundi 25, sawa na kilo 11 na kitu. Mwaka 1950 Stihl ilitoa msumeno wa mtu mmoja wa kilo 16, na mwaka 1959 ikatoa aina ya Contra, ya kilo 12 na nguvu za farasi 6, usio na gia kati ya injini na mnyororo. Msomaji na alinganishe: mwaka 1929 kila nguvu ya farasi moja ilibebwa na kilo 7.7, miaka 30 baadaye ilibebwa na kilo 2 tu.

Hapakuwa na mkata miti aliyekubali kuendelea kubeba kilo 46 pale ambapo kilo 12 zilitosha. Misumeno ya watu wawili iliachwa katika muda wa miaka michache. Na kwa kuwa ilikuwa mizito, ilikuwa na thamani kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Hivyo ukubwa wake, uliokuwa fahari yake, ndio ulioipeleka tanuruni.

Jino la funza

Badiliko jingine lilitokea katika mnyororo wenyewe. Minyororo ya awali ilikuwa na meno yaliyoiga msumeno wa mkono: meno ya kukwaruza, yaliyochanachana nyuzi za mti, na yaliyohitaji kutiwa tupa kila mara. Mwaka 1946 mkata miti wa jimbo la Oregon, Joseph Cox, aliwatazama funza wa mbawakawa wakila gogo. Aliona kwamba funza huyo hakwaruzi, bali hukata kwa taya mbili zilizopinda, moja kushoto na moja kulia. Cox aliunda jino la chuma lenye umbo la kufuatisha taya hizo, na mwaka uliofuata akaanza kuuza minyororo yake. Karibu kila mnyororo wa msumeno unaouzwa leo ni mzao wa wazo hilo.

Jino jipya lilipoenea, vipimo navyo vilibadilika. Kila mnyororo una hatua yake, ambayo hupatikana kwa kupima umbali wa ribiti tatu zinazofuatana na kuugawa kwa mbili. Misumeno mingi ya zamani ilitumia hatua kubwa, kama vile milimita 12.7 au zaidi. Mingi ya sasa hutumia milimita 9.5 au pungufu ya hapo. Gurudumu la meno la msumeno wa kale halikubali mnyororo wa hatua nyingine. Minyororo ya kipimo cha zamani ilipopungua madukani, injini nyingi zilizokuwa nzima kabisa zilihukumiwa kufa kwa kukosa mnyororo. Hali ilikuwa mbaya zaidi pale ambapo mtengenezaji mwenyewe aliondoka sokoni, kama ilivyokuwa kwa Disston ya Philadelphia na IEL ya Vancouver, ambazo misumeno yake ya watu wawili ilijulikana sana katika misitu ya Amerika ya Kaskazini miaka ya 1940.

Metali nyepesi, adui mwepesi

Ili kupunguza uzito, watengenezaji waliigeukia magnesi. Sentimita moja ya ujazo ya chuma ina gramu 7.87, ya alumini ina gramu 2.70; ya magnesi ina gramu 1.74 tu. Kasha la injini lililosubiwa kwa aloi ya magnesi ni jepesi na imara, na bila hiyo msumeno wa mtu mmoja ungechelewa kupatikana.

Lakini magnesi ina tabia ambayo mwanafunzi wa kemia anaifahamu: hutoa elektroni zake kwa wepesi mkubwa. Katika orodha ya metali, potenshali yake ya kawaida ni volti -2.37, na ya chuma ni volti -0.44. Metali hizo mbili zikigusana, na maji yenye chumvi yakaziunganisha, huwa ni seli ya umeme. Magnesi huliwa, chuma hubaki salama. Katika msumeno, makasha ya magnesi hufungwa kwa bolti za chuma. Msumeno uliowekwa chini juu ya udongo wenye unyevu, au katika kibanda karibu na bahari, huanza kuliwa kuzunguka kila bolti. Unga mweupe hutokea, kisha shimo, kisha bolti haishiki tena. Kutu ya chuma huweza kusuguliwa ikatoka; kasha la magnesi lililoliwa halirudi.

Mwalimu anaweza kulionyesha jambo hili kwa urahisi. Vipande viwili vya utepe wa magnesi vyenye urefu sawa vitiwe katika glasi mbili za maji ya chumvi. Kimoja kiachwe peke yake, na kingine kizungushwe kwenye msumari safi wa chuma. Baada ya muda itaonekana kwamba viputo vya gesi ya hidrojeni vinatoka kwa wingi zaidi pale penye msumari, na utepe ulioshikana na msumari utakwisha mapema kuliko mwenzake.

Sehemu za mpira nazo zina mwisho wake. Ule utando wa kabureta, mabomba ya petroli, na mihuri ya krankishafti hukauka, hupasuka, au hulainika. Petroli iliyochanganywa na ethanoli, ambayo sasa huuzwa katika nchi nyingi, huharakisha uharibifu huo, kwa kuwa ethanoli huvuta maji na huathiri aina nyingi za mpira wa zamani. Msumeno uliohifadhiwa na petroli ndani yake kwa nia njema ya kuutumia mwakani mara nyingi huharibika zaidi kuliko uliomwagwa na kukaushwa.

Mikono ya mkata miti

Iko sababu nyingine, nayo ni nzito kuliko zote, kwa kuwa haikuhusu uhai wa mashine bali afya ya aliyeishika.

Injini inayozunguka mara 7,500 kwa dakika huzunguka mara 125 kwa sekunde. Katika misumeno ya zamani mishikio ilifungwa moja kwa moja kwenye kasha la injini, na kila mtikisiko ulifika mkononi. Hata kama mshikio unakwenda na kurudi kwa sehemu moja tu ya kumi ya milimita kutoka mahali pake pa katikati, mchapuko wake wa juu kabisa ni mraba wa (2π mara 125) ukizidishwa kwa mita 0.0001, yaani mita 62 hivi kwa sekunde mraba. Hiyo ni zaidi ya mara sita ya mchapuko wa mvutano wa dunia, kwa saa nzima, kwa siku nzima, kwa miaka.

Madhara ya mitetemo ya namna hii yalikwisha kujulikana. Mwaka 1918 daktari Alice Hamilton aliwachunguza wachonga mawe wa Indiana, Marekani, waliotumia nyundo za hewa, akakuta vidole vyao vikiwa vyeupe na vyenye ganzi, hasa wakati wa baridi. Mishipa midogo ya damu hujibana, na neva hudhoofika. Katika miaka ya 1960 ugonjwa huo huo ulidhihirika miongoni mwa wakata miti wa Japani, Uingereza na nchi za Skandinavia waliotumia msumeno wa mnyororo. Mtu aliyefikia hatua mbaya hawezi kufunga kifungo cha shati wala kuhisi sarafu mfukoni, na hali hiyo aghalabu haiponi.

Watengenezaji walijibu katikati ya miaka ya 1960 kwa kuitenganisha mishikio na injini kwa vipande vya mpira. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 likaongezwa breki la mnyororo, linalousimamisha mnyororo mara moja upanga unaporuka kumwelekea mtumiaji. Sheria za kazi zikafuata. Katika Jumuiya ya Ulaya, amri ya mwaka 2002 iliweka kikomo cha mita 5 kwa sekunde mraba, kwa wastani wa kazi ya saa 8.

Misumeno isiyo na kinga hizi haikuweza kuendelea kuwa mikononi mwa wafanyakazi. Iliondolewa, ikavunjwa, au ikaachwa nje ya karakana. Uadimu wa baadhi ya aina za miaka ya 1950 una maelezo hayo. Mtu anayeusikitikia msumeno wa namna hiyo kwa kuwa umetoweka hana budi kukumbuka vidole vilivyopona kwa sababu ulitoweka.

Injini iliyopata kazi nyingine

Si misumeno yote iliyokufa kwa kutupwa. Mingine ilibadilishiwa kazi. Mwaka 1956, katika jimbo la California, Art Ingels aliunda kigari kidogo cha mashindano kilichosukumwa na injini ya mashine ya kukatia majani. Mchezo ukaenea upesi, na wachezaji wakatafuta injini nyepesi yenye nguvu. Injini ya msumeno wa mnyororo ilikuwa imekwisha kuwa na sifa hizo. Mwaka 1959 McCulloch, iliyotengeneza misumeno, ilitoa injini ya vigari iliyotokana na ujuzi huo huo. Kwa kuwa injini za vigari na za baadhi ya misumeno mikubwa zilishirikiana vipuri, msumeno mzima ungeweza kuvunjwa kwa ajili ya krankishafti au silinda yake. Aina hizo za misumeno zilipotea kwa sababu zilikuwa bora kupita kiasi kwa kazi ambayo hazikuundiwa.

Kinyume chake ni kisa cha msumeno wa Dolmar aina ya KMS 4 wa miaka ya 1970. Huo haukuwa na pistoni ya kupanda na kushuka, bali rota ya pembe tatu inayozunguka, kwa kanuni ya mhandisi Felix Wankel, ambaye injini yake ya kwanza ya majaribio ilizunguka mwaka 1957. Kwa kuwa hakuna kitu kinachopanda na kushuka, mtetemo ulipungua sana, na kwa mintarafu ya yale yaliyosemwa juu ya vidole, hilo lilikuwa jambo jema. Lakini mihuri iliyo kwenye pembe za rota husuguana na ukuta wa chumba kila mzunguko, na vipuri vyake havifanani na vya msumeno mwingine wowote. Wakati huo huo mishikio ya mpira ilikuwa imekwisha kuupunguza mtetemo wa injini ya kawaida kwa gharama ndogo zaidi. Msumeno wa rota haukuuzwa sana, ukaachwa, na vipuri vikakwisha. Leo ni miongoni mwa misumeno inayotafutwa mno.

Kufufua kwa kuua

Mtu angedhani kwamba wakusanyaji, kwa upendo wao, wamesimamisha hesabu ya kutoweka. Wamefanya hivyo kwa sehemu tu. Msumeno uliokosa silinda hauwezi kutengenezwa bila silinda, na kiwanda hakitengenezi tena. Basi mkusanyaji hununua msumeno wa pili uliovunjika kasha lakini wenye silinda nzima, na kutokana na miwili hupata mmoja. Kila ufufuaji hupunguza hesabu kwa moja. Aidha, bei inapopanda, mwenye msumeno mzima hutambua kwamba vipuri vyake vikiuzwa kimoja kimoja vitampa fedha nyingi kuliko msumeno wenyewe, naye huufungua. Hivyo uadimu ukianza huweza kujizidisha wenyewe.

Kwa muhtasari, msumeno huwa adimu kwa njia nyingi: kwa kufanyishwa kazi hadi kufa, kwa kupitwa na uvumbuzi, kwa kukosa mnyororo, kwa kuliwa na umeme wa metali zake zenyewe, kwa kuwadhuru watumiaji, kwa kuvunjwa ili uendeshe kitu kingine, au kwa kuwa haukununuliwa tangu mwanzo. Bei ya mnadani haituambii ni njia ipi. Sharti mashine yenyewe ichunguzwe.

Jambo hili haliwahusu wakusanyaji wa ng'ambo peke yao. Katika Afrika Mashariki, kwa miaka mingi, mbao zilipasuliwa na watu wawili kwa msumeno mrefu, mmoja juu ya gogo na mwenziwe shimoni, na katika viwanda vya mbao na karakana za zamani zimo mashine zilizokwisha kuachwa. Mashine hizo ni ushahidi wa historia ya ufundi, na hupungua kwa kanuni ile ile ya kipeo. Shule yenye mashine ya namna hiyo inaweza kuihifadhi kwa gharama ndogo: imwagwe petroli, isafishwe, ipakwe oili, iwekwe juu ya ubao mahali pakavu, na iandikwe jina la mtengenezaji, nambari zilizogongwa juu yake, na kazi iliyoifanya. Wanafunzi wakiifungua, waandike pia walichokikuta kimechakaa na walichokikuta kizima, kwani hapo ndipo mtetemo, kutu na msuguano huacha maandishi yao. Haifai kuiwasha na kuitumia: kinga inazozikosa ziliwekwa baadaye kwa sababu watu waliumia.